Radi ikipiga Jumamosi, Jumatatu unafunguaje? Namna ya kupanga biashara yako ya Kigoma irudi kazini

Wakuu habari za mihangaiko. Haya nawaandikia wenye maduka ya jumla, famasi, stationari, saccos ndogo ndogo, mawakala na yeyote hapa Kigoma ambaye biashara yake imeshahamia kwenye kompyuta au simu, hata kama ni kompyuta moja tu iko pale kaunta na jioni inafunikwa kanga. Makampuni makubwa wana watu wa kuwapangia haya mambo. Sisi tunajipangia wenyewe, na wengi hatupangi kabisa, tunasema Mungu yupo.

Kwanza kabisa achana na kuorodhesha majanga. Mtu akiambiwa aandae mpango anaanza moto, mafuriko, radi, wizi, vairasi, ajali, anafika nusu ukurasa anachoka anaacha, alafu linalokuja ni lile ambalo hakuliandika. Wewe orodhesha kitakachokosekana. Ukiangalia vizuri janga lolote linakunyang'anya kimoja au zaidi kati ya vitu vinne: sehemu ya kufanyia kazi, umeme na mtandao, data, au mtu. Soko kuungua na ziwa kupanda ni mambo mawili tofauti ila kwako swali ni lilelile, nisipoweza kuingia dukani wiki tatu nauzia wapi. Bosi kulazwa hospitali ya Maweni na bosi kukwama Kalemie kule Kongo hana mtandao, swali ni lilelile, nani mwingine anajua namba ya siri. Ukipanga kwa vitu vinne unakuwa umepanga kwa majanga yote, hata yale ambayo hujawahi kuyasikia.

Sasa chukua daftari kaa na watu wako mkishafunga jioni. Andikeni kazi ambazo zikisimama biashara inaumia, siyo kazi zote, zile za kuumia tu. Kila moja iulizeni maswali mawili. Hii ikisimama tunaweza kuvumilia muda gani? Na ikirudi, tunakubali kupoteza kumbukumbu za muda gani, saa moja, siku, wiki? Watu wa IT wana majina yao, RTO na RPO, ukikutana nayo usitishike, ni hayo maswali mawili tu. Ugumu ni kujibu ukweli, maana kila mtu atasema hakubali kupoteza hata dakika, wakati bakapu yake ya mwisho aliifanya kabla ya Ramadhani.

Tuchukulie duka la jumla pale Mwanga, wanauza sementi, unga, sabuni, mafuta, na wateja wao wakubwa ni wafanyabiashara wanaovusha mzigo kwenda Kalemie na Uvira. Kuna kompyuta moja yenye programu ya mauzo, mashine ya EFD (ile ya risiti za mamlaka ya mapato, TRA), simu mbili za uwakala, lipa namba, vijana wanne. Ukimuuliza mwenye duka kitu gani kikipotea anafilisika atakwambia kompyuta, au stoo. Mi nakataa. Kompyuta inanunuliwa. Mauzo yenyewe EFD imeshayatuma TRA kwahiyo jumla zake zipo mahali. Ambacho hakipo kwingine kokote duniani ni orodha ya mali kauli, nani alichukua mifuko mingapi, akalipa ngapi, imebaki ngapi, anaileta lini. Ile ikipotea hakuna ofisi ya kwenda kuiomba, na mdaiwa yuko ng'ambo ya ziwa. Kwahiyo kwenye duka hilo madeni yanawekwa namba moja, yanatakiwa yasipotee hata ya siku moja, na mengine yote yanafuata nyuma. Kwako inawezekana ni kitu kingine, famasi ni tarehe za dawa kuisha na oda, saccos ni salio la kila mwanachama. Kitafute hicho kimoja kwanza kabla hujanunua kifaa chochote.

DATA

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye makosa mengi.

Kanuni inayotumika dunia nzima inaitwa 3-2-1. Nakala tatu za data, kwenye aina mbili tofauti za hifadhi, na moja iwe nje ya jengo. Ile iliyo kwenye kompyuta inahesabika kama moja. Ya pili iwe kwenye hadidiski ya nje, ya tatu iwe mtandaoni au kwenye diski nyingine inayolala sehemu nyingine, nyumbani Gungu au kwa ndugu Kasulu. Diski ikikaa kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta hiyo siyo nakala ya nje, mwizi anaondoka na vyote na moto haubagui. Hata wakubwa yaliwakuta, tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg Ufaransa kiliungua, jengo moja likateketea kabisa, na kuna wateja walipoteza kila kitu kwa sababu bakapu zao zilikuwa palepale kwenye kituo kilichoungua.

Flashi usiitegemee. Flashi ni ya kuhamishia faili kutoka hapa kwenda pale basi, inapotea, inakufa bila taarifa, na kwa jinsi zinavyozungushwa stationari hadi stationari ndo basi la vairasi hilo.

Kosa lingine ni hadidiski ya nje inayoachwa imechomekwa muda wote. Kuna programu chafu zinazoingia kwenye kompyuta zinafunga mafaili yote alafu zinakudai hela ili ufunguliwe, na zikiingia zinafunga kila diski iliyochomekwa wakati huo, na bakapu yako humohumo. Chomeka, kopi, chomoa, weka mbali. Ukiweza kuwa na diski mbili ni bora zaidi, wiki hii hii, wiki ijayo ile, hata moja ikiharibiwa unarudi nyuma wiki moja tu.

Na kuweka folda kwenye Google Drive ikawa inajisawazisha yenyewe siyo bakapu kamili, watu hawapendi kulisikia hili. Dogo akifuta faili kwenye kompyuta, mtandaoni nako linafutika, likikaa kwenye taka siku 30 linaondoka moja kwa moja. Faili likifungwa na vairasi, linalopanda mtandaoni ni hilohilo lililofungwa. Itumie, ni nzuri na GB 15 za bure zinamtosha mtu mwenye Excel na picha za risiti, ila kila wiki tengeneza nakala yenye tarehe kwenye jina lake, mfano madeni-2026-03-14, na usiiguse tena. Hapo una pa kurudi.

Wenye programu za mauzo zinazotumia databesi msikopi lile faili la databesi wakati programu iko wazi inafanya kazi, mara nyingi nakala inatoka mbovu na hutajua mpaka siku unaihitaji. Tumia kitufe cha bakapu kilichomo kwenye programu yenyewe. Kama hukioni mpigie aliyekufungia, muulize maswali matatu: bakapu inatoka wapi, inarudishwaje, na leseni inahamaje kwenda kompyuta nyingine. Hilo la tatu watu hulisahau, unajikuta una data salama kabisa lakini programu haifunguki kwenye mashine mpya mpaka fundi apatikane na fundi yuko harusini Mwanza.

Risiti za EFD nazo, ile karatasi inafifia kwenye joto, miezi kadhaa tu dirishani inabaki nyeupe, na sheria ya usimamizi wa kodi inataka utunze kumbukumbu miaka 5. Piga picha au toa kopi ya zile za muhimu, manunuzi makubwa hasa.

Kama unatunza picha za vitambulisho vya NIDA za wateja au taarifa za wagonjwa, hizo nakala unazosambaza nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Weka paswadi kwenye diski inayotoka nje ya duka. Asipewe tu mpwa "atunze".

Alafu kuna kurudisha. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha kwenye mashine nyingine ukaifungua ukaona namba zinakubaliana, hesabu kwamba haipo. Januari 2017 kampuni ya GitLab, hawa ni watu wa kompyuta kabisa siyo wauza sementi, mfanyakazi wao alifuta databesi kwa bahati mbaya, kwenda kwenye bakapu wakakuta njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliitengeneza kwa shughuli nyingine masaa sita kabla. Sasa wewe azima laptop ya jirani, rudisha, fungua madeni ya wateja watatu, linganisha na daftari. Ikikubali andika tarehe. Rudia kila miezi mitatu hivi.

UMEME NA MTANDAO

Kigoma tumekula umeme wa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla gridi haijafika, kwahiyo kukatika kwa umeme hatufundishwi. Tatizo watu wanadhani hasara ya umeme kukatika ni giza, wakati kinachoua mashine ni vile unavyorudi. Na kikubwa zaidi ni radi. Ng'ambo kule Kivu ni moja ya sehemu zinazopigwa radi kuliko karibu kote duniani, na sisi tuko kwenye ukanda huohuo, ikifika Oktoba mvua zikianza mnajua wenyewe.

Ile ekstensheni ya bei ghali yenye maandishi ya kinga inasaidia umeme ukipanda na kushuka, radi ikipiga karibu haizuii. Kinachosaidia ni kuchomoa. Na usichomoe waya wa umeme tu, chomoa na waya wa mtandao, wa antena, wa kamera, maana radi inaingia popote penye waya mrefu unaotoka nje, rauta inaungua na inaondoka na kompyuta. Andika kwenye karatasi bandika ukutani, anayefunga duka ndo anachomoa, siyo "mtu".

UPS, lile boksi la betri la kompyuta, kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi kazi na kuzima vizuri, siyo kuendesha duka. Betri yake inadumu kama miaka 3 mpaka 5, kwenye joto inawahi kufa, kwahiyo iandike tarehe kwa makapeni siku unayoinunua. Kama unataka kuendelea kuuza bila umeme basi laptop badala ya kompyuta ya mezani tayari ni nusu ya suluhisho, na kasola kadogo na betri ya kuchaji simu za uwakala na EFD kanatosha nusu nyingine. Jenereta ni sawa ila hesabu na mafuta, umeme ukikatika mji mzima siku mbili foleni ya sheli unaijua.

Mtandao, weka laini za kampuni mbili tofauti. Lakini hata hizo mbili zinaweza kulala pamoja. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja nchi nzima ikawa inatambaa, na mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilikuwa haipo siku kadhaa, laini yoyote. Kwahiyo biashara ambayo programu yake yote iko mtandaoni lazima iwe na njia ya karatasi.

Njia ya karatasi maana yake ni hii: bei zote zimechapishwa na zina tarehe, kitabu cha mauzo ya dharura kipo kina mistari ya tarehe, jina, bidhaa, kiasi, amelipa, anadaiwa, kalamu ipo, kalkuleta ipo, na mtu mmoja amepewa kazi ya kuyaingiza yote mtandao ukirudi kabla ya mauzo mapya hayajachanganyika. EFD ikifa wape taarifa TRA mapema, waulize wanataka uandikeje kipindi hicho, usingoje waje. Na kaa na keshi ya chenji ya siku mbili, maana lipa namba nayo inategemea mtandao huohuo.

Msidhani karatasi ni ushamba. Juni 2017 Maersk, hao wenye makontena mnayoyaona bandari ya Dar, walipigwa na vairasi ya NotPetya wakalala dunia nzima, wakaweka programu upya kwenye seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kama kumi, na siku zote hizo mizigo mingi iliendelea kusogea kwa kuandika kwa mkono na WhatsApp. Na kilichowarudisha, hapa ndo nachekaga, ni seva moja iliyokuwa Ghana, ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika wakati vairasi inapita. Nakala iliyo salama ni ile isiyounganishwa.

SEHEMU

Wenye stoo Kibirizi, Katonga na kando ya ziwa, mmeona maji ya 2020 na 2021, mkaona tena 2024, na wenzetu Gatumba upande wa Burundi walihama kabisa. Ziwa hili maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwahiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo linapanda na linakaa juu muda mrefu, halishuki kesho kama mto. Nenda Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone uangalie maji yako mbali kiasi gani, alafu ujue mwaka 1871 Stanley alipomkuta pale ziwa lilikuwa karibu zaidi. Linaondoka na linarudi. Mashine na mafaili weka juu ya kimo cha kiuno, mzigo unaoharibika na maji weka juu ya mapalati, na ongea mapema, sasa hivi, na mtu mwenye chumba juu kule Mwanga au Katubuka, mkubaliane bei ya kukuhifadhi dharura ikitokea. Siku maji yameingia kila mtu anatafuta chumba na bei unaijua itakavyokuwa.

Mzigo nao una sehemu yake. Reli ya kati ndo mgongo wetu tangu 1914, na ikikatika huko Kilosa kama yale mafuriko ya mwishoni 2009 kuingia 2010, inaweza kukaa miezi. Spea ya kompyuta, chaja ya laptop, karatasi za EFD, rauta moja ya akiba, viwepo hapahapa. Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, hutumi mtu akaleta chaja jioni.

Bima, kwa kifupi tu. Soma kama mafuriko yamo, bima ya moto mara nyingi haiyahusu mpaka uongeze. Na usidanganye thamani ili ulipe kidogo: mzigo wa milioni 80 ukiukatia bima ya milioni 40, ukaungua wa milioni 20, watakupa milioni 10, kwa sababu ulikata nusu. Kudai unahitaji orodha ya mzigo, na orodha hiyo kama ilikuwa ndani ya stoo iliyoungua unarudi kule kwenye 3-2-1.

MTU

Huku ndo biashara zetu nyingi zinafia na hakuna moshi wala maji. Mzee mwenye duka anajua kila kitu, namba ya siri ya lipa namba kichwani, paswadi ya kompyuta kichwani, mdaiwa wa Uvira ana makubaliano naye ya mdomo, laini ya biashara imesajiliwa kwa NIDA ya kijana aliyeshaacha kazi. Akiugua wiki mbili tu duka linasimama na hela zikiwa ndani ya simu.

Fanya haya. Angalia laini zote za biashara zimesajiliwa kwa nani, ambazo siyo zako hamisha wakati yule kijana bado mnaongea vizuri, maana laini ikipotea kuirudisha wanataka alama ya kidole ya aliyesajili. Ongeza msaini wa pili benki. Namba za siri usimtumie mtu WhatsApp, ziandike karatasi moja, bahasha, gundi, saini juu ya gundi, ikae kwa mama watoto au ndugu mnayeaminiana nje ya duka, na kila ukibadilisha namba unabadilisha bahasha. Najua kuna watakaosema kumwonyesha mke ni hatari, hayo ni ya nyumbani kwenu, ila lazima mtu mmoja aliye hai ajue bahasha iko wapi. Alafu kila kazi ya kuumia iwe na watu wawili wanaoiweza, na siyo kwa kuambiwa, wiki moja mwachie dogo afunge hesabu wewe ukiangalia tu.

KARATASI YENYEWE

Mpango mzima ukizidi kurasa mbili hautasomwa. Ukurasa wa kwanza ni saa la kwanza: watu watoke, Zimamoto 114, main switch izimwe na nani, nani anachukua kile kitu namba moja, nani anawapigia wateja na kuwaambia nini. Hilo la mwisho lipe sentensi kabisa uiandike, kwa mfano "tumepata tatizo, madeni na oda zenu ziko salama, tunauzia sehemu fulani kuanzia Jumatano", kwa sababu usipoongea wewe, mji utaongea, na mdaiwa akisikia umeungua na daftari ujue ndo kalipwa yeye. Ukurasa wa pili ni simu za watu, fundi, mwenye chumba cha akiba, benki, bima, TRA, na mpangilio wa kurudisha, kipi kinaanza. Siyo kila kitu kinarudi siku moja, madeni kwanza, malipo pili, stoo tatu, ripoti za kupendeza baadaye sana.

Toa kopi tatu, moja isikae dukani. Namba za simu ziandike kwa mkono kabisa, simu ikiungua majina yaliyo ndani yake yanaungua nayo.

Na mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza, chagua siku ya biashara ndogo, saa nne asubuhi zima main switch bila kumwambia mtu, uzima na rauta, ukae kwenye kiti cha mteja uangalie wanafanyaje mpaka saa saba. Kila watakapokuja kukuuliza kitu, usijibu, kiandike. Hivyo walivyokuuliza ndo vinavyokosekana kwenye karatasi, viongeze jioni hiyohiyo.